Sista, mbona kaka kanyimwa antibayotiki na mdogo wake kapewa?

Shikamoo Sista,

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Kitangari, Newala. Safu yako huwa naisoma kwenye simu ya wifi yangu. Leo naandika mwenyewe maana nyumba nzima tumegombana kwa ajili ya sikio.

Mwanangu wa kwanza, Nasri, ana miaka 3 na miezi 4. Unaijua baridi ya huku juu mwezi wa saba, watoto wote mtaani makamasi. Naye akapata mafua na kikohozi kidogo. Baada ya siku chache akaamka usiku analia, kashika sikio la kulia, ukimlaza upande ule anapiga kelele. Tulikesha naye. Asubuhi nikambeba mgongoni mpaka zahanati, na kutoka kwetu si karibu. Tabibu akampima joto, 37.9. Akampima malaria, hana. Akaangalia masikio yote mawili kwa kile kidude chenye taa, akabonyeza nyuma ya sikio, akaniuliza kama anakula na kucheza. Nikamwambia anacheza akishapata nafuu. Akasema, "Mama, hili ni sikio moja, homa si kali, usaha hakuna. Mpe dawa ya maumivu. Kesho kutwa kama bado analia, au hata kabla ya hapo akizidiwa, nirudishie." Akanipa sirapu ya parasetamo, basi.

Nilivyofika nyumbani mama mkwe akaniuliza, "Mwendo wote ule umefuata Panadol?" Akaingia ndani akatoka na chupa ya antibayotiki, amoksilini ya mtoto wa shemeji yangu, ilibaki tangu kipindi cha Ramadhani. Akamnywesha vijiko viwili. Jioni akachemsha mafuta ya nazi na kitunguu, yalipopoa akamdondoshea sikioni. Kesho yake mtoto mzima, anakimbiza kuku. Sasa mama mkwe anatembea kifua mbele, anasema zahanati wangeniulia mtoto.

Kilichonifanya niandike ni huyu mdogo, Aisha, ana miezi 8. Ameshika mafua ya kaka yake. Tangu jana ana homa, mwili unachoma. Akishika ziwa ananyonya mara mbili tatu anaacha, analia. Leo asubuhi nimekuta usaha kwenye shuka, unatoka sikio la kushoto. Baba yao karudi kupuliza salfa kwenye mikorosho, anasema kwa nini nihangaike na safari, nimpe ileile chupa maana imemponya kaka yake. Mimi roho inasita.

Naomba uniambie, Sista: nimpe au nimpeleke? Na kama dawa ilikuwa ya lazima, kwa nini Nasri alinyimwa? Na la mwisho, dada yangu yuko Lindi mjini, ana mtoto wa miaka 7 ambaye sikio linatoa maji kila akipata mafua, mwaka wa tatu huu. Wazee wanasema yaache yatoke, ni uchafu unajisafisha. Mwalimu anasema mtoto ni mjeuri, haitiki akiitwa. Hilo nalo ni la kuacha?

Mama Nasri

* * *

Marahaba, mwanangu.

Kwanza niwatoe wasiwasi wasomaji. Barua hii nilipoisoma nilimpigia simu Mama Nasri palepale. Mtoto wa miezi 8 mwenye homa, anayeshindwa kunyonya vizuri na sikio linatoa usaha, hasubiri zamu ya barua yake kujibiwa. Nikamwambia asimpe kitu kutoka kwenye ile chupa, amfunge mgongoni aende siku hiyohiyo. Alienda. Malaria hana, na nyuma ya sikio hapakuwa na uvimbe. Akaandikiwa amoksilini, vile vidonge vya kuyeyusha, kwa siku 5, pamoja na dawa ya maumivu. Siku ya tatu alinipigia kuniambia mtoto ananyonya. Barua ameniruhusu niitumie, majina nimeyabadilisha.

Sasa tukae tuzungumze. Swali lake la pili ndilo ninaloulizwa kila siku tangu nilipokuwa dirishani kliniki ya mama na mtoto: iweje ugonjwa uleule, nyumba ileile, mmoja apewe antibayotiki mwingine arudishwe na parasetamo? Wengi hudhani tabibu ni mvivu, au dawa zimeisha stoo anaona aibu kusema. Katika kesi hii tabibu alifanya kazi yake, na aliifanya vizuri kuliko wengi ninaowajua. Alipima joto, alipima malaria (kwenye mikoa yetu hii ya kusini mtoto mwenye homa asipimwe malaria kwa sababu tu sikio linauma, hapana), alichungulia masikio yote mawili, akabonyeza nyuma ya sikio, akauliza kuhusu kula na kucheza, akakupa siku ya kurudi. Hiyo siku ya kurudi ndiyo sehemu kubwa ya tiba yenyewe, nitaifikia.

Sikio la mtoto linaugua hivi. Nyuma ya ngoma ya sikio kuna chumba kidogo chenye hewa, na chumba hicho kinaungana na nyuma ya pua kwa mrija mwembamba. Kwa mtoto mrija huo ni mfupi na umelala, haujainama kama wa mtu mzima. Akipata mafua mrija unavimba na kuziba, majimaji yanakwama ndani, ngoma inasukumwa, na hapo ndipo vilio vya saa nane usiku vinapoanza. Mara nyingi kilichoanzisha ni virusi vya mafua. Baadaye bakteria waliokuwa wakikaa puani wanaweza kuhamia kwenye yale majimaji, hasa nimokokasi, na yakawa usaha. Usaha ukizidi ngoma inapasuka tundu dogo, unatoka nje, na cha ajabu mtoto anapata nafuu ya maumivu wakati mama ndiyo kwanza anaogopa. Tundu hilo mara nyingi hujiziba lenyewe.

Antibayotiki inaua bakteria tu. Virusi haivigusi. Baba Nasri atanielewa haraka kwa lugha ya shambani: salfa unapuliza kwa ajili ya ubwiriunga, ule ukungu wa mikorosho, lakini ukiwa na mbu wa mikorosho unaweza kumwaga mfuko mzima na mbu akaendelea kunyonya machipukizi mbele ya macho yako. Hata pale bakteria wanapokuwemo, mwili wa mtoto aliyekwisha vuka miaka 2 huwa na nguvu ya kuwamaliza wenyewe mara nyingi sana.

Hapa ndipo ninapotaka mama mkwe akae vizuri anisikilize, kwa heshima zote. Tafiti zilizolinganisha watoto waliopewa antibayotiki na wasiopewa zimeonyesha kuwa watoto 6 kati ya 10 hawana maumivu tena ndani ya saa 24, wamepewa antibayotiki au hawakupewa. Siku ya kwanza hakuna tofauti. Siku ya pili na ya tatu tofauti inaanza kuonekana, lakini ni ndogo: unawapa dawa watoto 20 ili mmoja wao awe amepona maumivu ambaye bila dawa angekuwa bado analia. Na katika kila watoto 14 unaowapa, mmoja anaharisha, anatapika au anatoka vipele kwa sababu ya dawa. Nikiri kwamba tafiti hizo zimefanyika nchi tajiri, si Newala wala Nachingwea, na watoto waliozidiwa sana hawakuingizwa. Hata hivyo kwa mtoto kama Nasri zinatosha kutufungua macho. Alipona kwa sababu alikuwa kwenye kundi la wanaopona. Parasetamo ilimsaidia kulala. Ile chupa ilipewa sifa isiyo yake.

Nani basi apewe antibayotiki bila kusubiri? Mtoto wa chini ya miezi 6 mwenye ugonjwa huu wa sikio apewe, na wa chini ya miezi 2 akiwa na homa apelekwe hospitali moja kwa moja. Mtoto wa miezi 6 mpaka miaka 2 apewe ikiwa masikio yote mawili yameshika. Wa umri wowote apewe ikiwa sikio linatoa usaha uliotokana na maambukizi haya mapya, ikiwa homa imefika 39 au zaidi, ikiwa maumivu ni makali hayatulizwi na dawa, au yamepita siku 2 bila kupungua. Ongeza na mtoto mwenye utapiamlo, mwenye VVU au selimundu, au aliye dhaifu kwa sababu nyingine. Huyo usimchezee mchezo wa kusubiri. Aisha alikuwa na umri mdogo, homa ya mwili kuchoma na usaha. Nasri hakuwa na hata kimoja katika hayo. Tofauti yao ndiyo hiyo.

Wauguzi wenzangu najua wameshanikunjia uso. Watasema, "Sista, chati ya watoto wagonjwa ya Shirika la Afya Duniani (WHO), ile iliyobandikwa ukutani, inasema mtoto wa chini ya miaka 5 mwenye maumivu ya sikio apewe amoksilini siku 5, haisemi subiri." Ni kweli kabisa. Na kitabu cha WHO cha mwaka 2022 kuhusu matumizi ya antibayotiki kinasema wengi wenye ugonjwa usio mkali, hasa waliovuka miaka 2, wanaweza kutibiwa maumivu tu na kuangaliwa. Mimi sioni ugomvi hapo. Chati naielewa kuwa imeandikwa kwa ajili ya zahanati isiyo na kifaa cha kuchungulia sikio, na kwa mama ambaye akiondoka leo huenda haonekani tena mpaka siku ya chanjo. Kwa hiyo tabibu mwingine angempa Nasri amoksilini na asingekuwa amekosea. Huyu wa kwako alikuwa na kifaa, aliona anachokiona, na aliamini utarudi.

Hapo pa kurudi ndipo pagumu huku kwetu. Kusubiri siku 2 au 3 ni tiba kwa mama anayeweza kurudi. Kwa mama anayeondoka kesho kwenda kulala shamba la mbali wiki nzima, au ambaye nauli ya bodaboda ya kurudi hana, kusubiri kunageuka kuwa kutelekezwa. Nawaomba akina mama msione haya kulisema hilo mbele ya tabibu: "Naelewa, lakini siku ya kurudi sitaweza." Mwenye busara ataamua kukupa dawa hapohapo, au atakuandikia uondoke na dawa mkononi na maelekezo ya kutoianza mpaka maumivu yapite siku 2 au homa ipande. Nchi nyingine huo ni utaratibu wa kawaida, na watoto wengi hawaifungui kabisa hiyo dawa.

Sasa hii parasetamo mnayoidharau. Mtoto mwenye sikio shida yake usiku ule ni maumivu, na antibayotiki haitulizi maumivu ya usiku wa kwanza. Sijui lini tulianza kuiona dawa ya maumivu kama dawa ya kumfukuzia mgonjwa. Kipimo chake kinaenda kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6, isizidi mara 4 kwa siku. Nasri mwenye kilo 14, kwa sirapu yenye miligramu 120 kwenye kila mililita 5, anahitaji kati ya mililita 6 na 8 kwa mara moja. Wengi mnampa kijiko kimoja kidogo cha chai, mtoto anaendelea kulia, mnasema dawa haifanyi kazi. Tumieni kikombe au bomba la kupimia linalokuja na chupa, vijiko vya jikoni havilingani. Na soma chupa kwanza, maana zipo sirapu zenye nguvu zaidi ya hiyo. Siku 2 za mwanzo mpe kwa saa, usingoje mpaka apige kelele. Aspirini asipewe mtoto. Diklofenaki ya babu ya mgongo nayo asipewe, hata nusu kidonge. Nimeyaona hayo.

Kuhusu ile chupa. Amoksilini ya unga ikishachanganywa na maji huhesabiwa siku 7, na kwenye friji chupa nyingi ni 14, basi imekwisha hata kama imejaa nusu. Hiyo ya kwenu imepita miezi. Nguvu haina, na chupa tamu iliyokaa wazi nyumba yenye joto sitaki kufikiria kilichoota humo. Imwageni. Nasri msimwendelezee, hakuna "dozi" ya kumalizia hapo kwa sababu dozi haikuwahi kuanza. Ya Aisha ni jambo lingine. Imeandikwa kwa jina lake na kwa kilo zake, kwa hiyo apewe mpaka siku ya tano hata kama siku ya pili atakuwa anacheka. Kwa mwongozo wa WHO mtoto wa kilo 4 mpaka chini ya 10 anapata kidonge kimoja cha miligramu 250 asubuhi na kimoja jioni. Wapo madaktari wanaoongeza siku hadi 10 kwa walio chini ya miaka 2, na hilo ukiambiwa ulifuate. Kiyeyushe kwenye maji safi kidogo au maziwa yako uliyokamua, mpe palepale. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Akitoka vipele au kuvimba uso, acha dawa uende kituoni.

Dukani nako nina neno. Duka la dawa muhimu lina msaada mkubwa vijijini, siwabezi. Ila ukifika na kusema "nipe antibayotiki ya sikio la mtoto" bila cheti, muuzaji anakupa iliyopo. Siku hizi naona wengi wanapewa azithromaisini kwa kuwa ni ya siku 3 na mama anaipenda. Kwa sikio la mtoto chaguo la kwanza ni amoksilini, ya bei nafuu na iliyozoeleka. Azithromaisini WHO wameiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa kwa makini kwa sababu usugu, yaani bakteria kuizoea dawa, unazaliwa haraka. Tukizimaliza nguvu kwenye mafua, mtoto akija na homa ya mapafu hatuna pa kukimbilia. Mwenye mzio wa penisilini ndiye atafutiwe nyingine, na aamue tabibu.

Mafuta ya nazi na kitunguu: mama mkwe, nakuheshimu, mimi mwenyewe nimepakwa mafuta hayo mwili mzima. Lakini sikioni hapana. Kwa macho ya nje huwezi kujua kama ngoma imepasuka, na ikiwa imepasuka, chochote unachodondosha kinaingia kwenye kile chumba cha ndani. Maziwa ya mama, mafuta, maji ya majani, vyote viache. Hata matone ya dukani usinunue kwa kubahatisha, kwa sababu baadhi, kama ya gentamaisini, yakipita kwenye ngoma iliyotoboka yanaweza kuharibu usikivu wenyewe. Sikio la Aisha linataka kukaushwa. Chukua kipande cha kitambaa safi laini cha pamba, kisokote kiwe kama utambi, kiingize taratibu pale mwanzoni, kikilowa kitoe, weka kingine kikavu, mpaka kitoke kikavu. Fanya hivyo angalau mara 3 kwa siku. Usikiache humo, usizibe sikio kwa pamba, na vijiti vya pamba visiingie. Wakati wa kuoga maji yasiingie.

Nije kwa mtoto wa Lindi, ambaye kwa kweli ndiye anayeniumiza zaidi, kwa kuwa hana homa, halii, na kwa hiyo hakuna anayeharakisha. Sikio linalotoa usaha siku 14 au zaidi si ugonjwa uleule wa Nasri na Aisha. Huo ni ugonjwa sugu wa sikio, ngoma imetoboka na haijaziba. Kusema "yaache yatoke" ndiko kunakowafanya watoto wa pwani wakue na pamba sikioni mpaka darasa la saba. Na hapa watu hushangaa: antibayotiki ya kunywa haimsaidii sana huyu. Hata akipewa amoksilini kila akipata mafua, sikio litakauka kidogo kisha usaha utarudi. Tiba yake ni kukausha kwa utambi kila siku, kisha matone ya siprofloksasini kwa wiki 2, akirudi kuangaliwa siku ya 5. Asiogelee, na najua kumwambia hivyo mtoto wa Lindi mwenye bahari mlangoni ni kazi. Isipokauka, aonwe na daktari wa masikio. Dada yako aanzie Hospitali ya Sokoine hapohapo mjini, aombe mtoto apimwe usikivu. Kuhusu mwalimu, mtoto ambaye haitiki akiitwa kwa nyuma lakini anaitika akikuona usoni, simwiti mjeuri kabla hajapimwa. Aombewe dawati la mbele wakati tiba inaendelea, upande wa sikio zima uelekee kwa mwalimu.

Dalili za kukimbia hospitali, usiku au mchana, mvua au jua: uvimbe unaouma nyuma ya sikio, mpaka sikio linasukumwa mbele, shingo kukakamaa, degedege, kutapika kila kitu, kushindwa kabisa kunyonya au kunywa, kulegea na kutoamka vizuri, uso kupinda upande mmoja. Huo uvimbe wa nyuma ya sikio maana yake maambukizi yameingia kwenye mfupa, na hata uwe na amoksilini nyumbani haitoshi. Kutoka Kitangari anzeni na hospitali ya wilaya Newala, wao ndio watakaoamua kama mnashuka Mtwara.

Kuna jingine la kuangalia kwenye kadi ya kliniki ya Aisha. Chanjo ya nimokokasi, PCV, tunaitoa Tanzania tangu 2013, na mtoto huipata akiwa na wiki 6, 10 na 14. Inapunguza maambukizi ya yule bakteria niliyemtaja, ingawa haizuii kila sikio. Kama kuna kisanduku kitupu kwenye kadi, kaulize, hata kama miezi imepita. Endelea kumnyonyesha, na kama kuna siku anapewa chupa, asipewe akiwa amelala chali. Jiko la kuni na sehemu ya kubangulia korosho viwe mbali na anapolala, moshi unafanya mrija ule uvimbe zaidi.

Nasri yeye usishangae kama wiki 2 au 3 zijazo anasema "eeh?" kila unapomwita. Majimaji hubaki nyuma ya ngoma hata baada ya maumivu kuisha, kwa watoto wengine mpaka miezi 3, na huondoka yenyewe bila antibayotiki. Yakipita miezi 3 bado hasikii vizuri, au ukiona maneno yake yanarudi nyuma, mrudishe kwa tabibu yuleyule. Na huyo Aisha, siku ya 5 ikifika umrudishe akaangaliwe hata kama sikio limekauka.